Ubao Uliochukuliwa Msibani

Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu na kabla hata ya chai, Theophil aliufungulia ubao wake pumzi. Ubao ulining'inia kwa kamba mbili za katani kwenye kona ya nyuma ya karakana, pale mtaani Gerezani, mbali na moshi wa gundi na mbali na mikono ya watu. Karibu na mkia palikuwa na kitundu kilichozibwa kwa kizibo cha shaba. Theophil alikizungusha kizibo kwa kucha, akatega sikio. Fyuu. Hewa iliyolala ndani ikatoka, nyembamba kama ya mtoto mwenye mafua. Kisha alifumba macho akapitisha kiganja cha kushoto kwenye tumbo la ubao, kutoka mkiani mpaka puani. Alitumia cha kushoto kwa kuwa cha kulia kilishakufa ganzi kwa randa, hakisikii tena kitu kidogo.

Asiyejua angedhani anasali. Sitara, mama aliyeuza chai na vitumbua langoni, ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu. "Mwacheni kwanza. Yuko na Mungu wake wa mbao."

Ubao wenyewe ulikuwa wa mawimbi. Wazungu wa Oyster Bay, walimu na mainjinia waliokuja kwa mikataba, walilala kifudifudi juu ya mbao za namna hiyo, wakapiga maji kwa mikono mpaka wimbi liwakute, kisha wakasimama wima kama watu waliodandia gari, bahari ikawaleta nchi kavu. Pale mtaani wengi hawakuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yao. Mpita njia alichungulia langoni, akaona kitu kirefu kupita mtu, kipana katikati na chembamba kwenye ncha, akauliza, "Fundi, jeneza la nani hilo?"

Theophil hakuwa mtu wa kujibu. Alijibu Sitara. "La nguru. Nenda kampe pole mjane wake."

Theophil alikuja Dar kutoka Rombo na randa ya marehemu baba yake imeviringishwa kwenye blanketi. Alitengeneza milango, akatengeneza makabati, mpaka siku mwalimu mmoja wa Kizungu alipomletea ubao uliovunjika katikati, wa povu gumu jeupe, akauliza kama unaungika. Haukuungika. Povu lile halikupatikana mjini hata kwa dawa. Lakini Theophil alikuwa ameshaushika, na mkono wake haukutaka kuusahau. Akawa anakwenda Feri asubuhi, hanunui samaki, anasimama tu kando ya kina mama wanaopasua samaki, anatazama jinsi mbavu za kibua zinavyoanza fupi, zinarefuka, zinafupika tena. Wakamfukuza mara kadhaa wakidhani ni mwizi.

Kisha akarudi akachonga uti wa mgongo wa mkangazi, akaupachika mbavu nyembamba, akauvika plaiwudi juu na chini, ndani pakabaki wazi. Ndiyo maana ya kile kitundu: jua likichoma bati, hewa ya ndani inatafuta njia, na isipopewa njia inapasua maungio. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuchonga kingo, na kwenye kingo ndiko kazi iliko. Randa ikizila kidogo mno, ubao unakuwa mgumu kugeuka. Ikizila kupita kiasi, unazamisha pua kama nyati anayekunywa maji. Alizamisha mbao nyingi. Wazungu walizirudisha, akazipasua, akazifanya kuni za chai.

Kuuvika ubao kitambaa cha nyuzi za kioo na kuunywesha gundi ya mafundi wa boti ilikuwa kazi ya Candida, mke wake. Alikuwa na mkono mwepesi, hakuacha hata kiputo kimoja cha hewa chini ya kitambaa. Na siku ubao wa kwanza ulipotoka sawasawa, ulipokwenda baharini na mwalimu akarudi nao anacheka peke yake kama mlevi, Candida alichana ukanda wa kitenge chake, chekundu chenye ndege wa njano, akaulaza puani na kuumwagia gundi juu. Ikakauka, na wale ndege wakang'aa kama wako chini ya maji.

Ubao ule haukuuzwa. Mafundi waliuita Mama. Kila ubao uliofuata ulizaliwa kwake: Theophil aligusa Mama, akagusa mtoto, akapiga randa kidogo, akagusa tena Mama. Ukimwomba vipimo, hakuwa navyo. Vipimo vilikuwa kwenye ubao ule na kwenye kiganja chake, na kimoja bila kingine kilikuwa si kitu. Candida naye aliuita mke mwenza. "Mimi nasubiri jua lizame," aliwaambia kina Sitara, "mwenzangu anapapaswa asubuhi na mapema, tena kwa macho yaliyofumbwa." Wanawake wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Karakana ilikuwa ya ushirika. Mafundi waliambiwa waungane, wakaungana. Kila mmoja alileta meza yake na vyombo vyake, na juu ya lango kikatundikwa kibao cha mninga alichokichonga Theophil mwenyewe, herufi nyekundu akazipaka Filbert, fundi wa Masasi: USHIRIKA WA MASEREMALA TUINUANE. Siku hiyo Theophil alisema mbele ya wote. "Meza yangu hii hapa. Randa ya baba yangu hii hapa. Ila ubao wa kona ile si chombo cha kazi ya ushirika. Ni wangu na mke wangu."

Nassibu, waliyekuwa wamemchagua mwenyekiti, akasema, "Nani atamnyang'anya Mchaga kitu chake? Bora nikamnyang'anye simba mfupa."

Wakacheka, likaisha. Nassibu alikuwa Mpare wa Usangi, na Mpare kwa Mchaga ni mtani. Alimwita Theophil mwizi wa ndizi, Theophil akamwita bahili anayechemsha jiwe ili apate mchuzi. Walitupiana hayo mbele ya wateja na mbele ya watoto. Ndivyo wanavyoishi. Mtani anakutukana, anakuchukulia kofia, anakula ubwabwa wako, na wewe ukinuna wewe ndiye usiye na adabu.

Ikaja oda. Hoteli moja ya ufukweni, kaskazini ya mji, ilitaka mbao za mawimbi za kukodisha wageni, tena nyingi, tena upesi. Nassibu aliitisha mkutano chini ya bati. Akaeleza kwamba Mama akatwe vipande kwa msumeno, kila kipande kiwekwe juu ya plaiwudi kichorwe kwa penseli, ili kila fundi aweze kuchonga mbavu na kingo zilezile bila kumsubiri mtu mmoja.

"Hapana," alisema Theophil.

"Hapana ya nini?"

"Nitazichonga mimi. Candida atavika."

"Mpaka lini, ndugu yangu? Watu humu wanapanga foleni ya unga wa njano tangu alfajiri, wanarudi na mfuko mtupu. Oda hii ni ugali wa watu. Wewe unakumbatia ubao kama bwanyenye anakumbatia nyumba ya kupangisha."

"Ubao ukikatwa sina tena pa kugusa."

"Utagusa penseli."

Filbert ndiye aliyeinuka. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mwenyekiti, siku ya kuungana alisema ni wake. Sote tulisikia." Wengine wakaguna kukubali, wakatazama chini. Nassibu akatazama huku na huku, akaona hana watu, akacheka. "Basi yaishe. Mchaga kashinda kesi dhidi ya Mpare, andikeni tarehe." Na ikaonekana yameisha.

Muda si mrefu Candida akaugua. Homa ilianza kama mafua, akaenda nayo kazini, akavika ubao mmoja, akasema kichwa kinamgonga. Kabla wiki haijaisha alikuwa amekufa.

Na hili lazima lisemwe ingawa linauma: aliyehangaika ni Nassibu. Petroli ilikuwa shida mji mzima, yeye akaipata. Lori la kupeleka maiti Rombo akalipata. Alikesha na wafiwa na alikula nao. Theophil alichonga jeneza kwa mikono yake, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa haijui tena namna nyingine, kingo za jeneza lile zilitoka laini na zimejikunja, hakuna pembe hata moja ya kumchoma mtu.

Lori lilisimama mbele ya lango la karakana. Jeneza likapakiwa. Watu walijaa, Wachaga wa Kariakoo na maduka yao yamefungwa, mafundi, kina mama wa vitumbua. Ndipo Nassibu akatokea kama mtani anavyotokea. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na kuvaa aproni ya Candida yenye madoa ya gundi. Akapanda lori, akatoa sarafu mfukoni, akaidondosha juu ya jeneza. Ikalia ngo. Akainamisha sikio.

"Kimya," akasema. "Hajaamka. Ndugu zangu, Mchaga akisikia sarafu asiamke, huyo kafa kweli. Twendeni tukazike."

Vilio vikachanganyika na vicheko. Hata mzee Isidori, mwenye duka la vyuma Mtaa wa Swahili, mtu asiyecheka ovyo, alifuta macho kwa leso huku mabega yakimtikisika. Nassibu akashuka, akaingia karakana, akatoka amemwinua Mama kichwani.

"Gari halitoki," akasema. "Marehemu ameacha mke mwenza, na mume huyu hana akili ya kulea mtu. Namchukua mimi. Mfiwa, unasemaje?"

Theophil alikuwa hajacheka tangu mkewe alipofumba macho. Kifua kilikuwa kimejaa kama ubao uliozibwa kitundu kwenye jua kali. Akamwona Mpare yule na aproni ya Candida, na ubao kichwani, na khanga inamporomoka, na kitu kikafunguka ndani yake. Akacheka. Akacheka mpaka akashika bodi ya lori asianguke.

"Mchukue, mtani," alisema. "Ni wako. Umlishe tu, anakula sana."

Wote wakasikia. Lori likaondoka.

Sasa jambo hili linajulikana hata kwa mtoto. Mtani akichukua kitu msibani, kitu hakijaondoka. Kimeshikwa tu. Matanga yakiisha mfiwa anamletea mtani wake jogoo, au shuka, au chochote, wanakula, wanacheka, kitu kinarudi mahali pake na watu wanaanza kuishi tena. Theophil alirudi kutoka Rombo, mwanaye Klara amemwacha kwa bibi yake, yeye amebeba jogoo mwekundu na mkungu wa ndizi. Alifika karakana asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye kona. Kamba mbili za katani zilikuwa zinaning'inia hazina kitu.

Nassibu alipokea jogoo, akampima uzito kwa mkono. "Ahsante, mtani. Amekonda lakini. Huko kwenu kuku nao wanafanya biashara, hawali?"

"Na mke wangu?"

"Mke gani?"

"Mama."

"Huyo si wako tena. Ulimtoa mwenyewe mbele ya kadamnasi, tena ukaagiza alishwe. Anakula, usiwe na wasiwasi."

Theophil akacheka. Aliona utani unaendelea. Akajibu neno kuhusu Wapare na kuku wa wenyewe, Nassibu naye akacheka, ikapita siku hiyo. Kesho yake akauliza tena, akajibiwa kwa mzaha, naye akajibu kwa mzaha. Na keshokutwa vilevile. Hapo ndipo alipojimaliza. Kila alipocheka, alitia sahihi. Angenyamaza siku ya kwanza, angesimama pale akasema mtani, utani umekwisha, pengine watu wangemsikia. Lakini nani anataka kuwa wa kwanza kuacha kucheka, na mkewe ndiyo kwanza kazikwa, na aliyemtafutia petroli ndiye anayetania?

Ubao ulikuwa ofisini kwa mwenyekiti, kijumba cha bati kisicho na dirisha, mlango una kufuli. Asubuhi Theophil alisimama nje ya mlango ule, kiganja cha kushoto kimelegea pembeni. Jua lilikuwa linapanda. Aliwaza hewa ya mle ndani inavyovimba.

"Angalau mfungulie kizibo," alimwambia Nassibu.

"Kwangu mke hafunguliwi na mume wa zamani."

"Nassibu, nakuomba. Utapasuka."

"Mtani, mbona unaanza kuniita jina langu?"

Mafundi waliokuwa karibu wakacheka, na Theophil akaona kwamba hata namna ya kumwita mtu imeshachukuliwa mikononi mwake.

Akaenda kwa mzee Isidori. Duka lilikuwa na rafu nyingi tupu, misumari ilikuwa imeadimika kama sukari. Isidori alimsikiliza huku akifuta kaunta isiyo na vumbi.

"Shikamoo yako nimeipokea," alisema, "lakini hili uliloniletea sijui niliweke wapi. Ulimwambia ni wake, hukumwambia?"

"Nilisema kiutani, mzee."

"Naye kachukua kiutani. Utakwenda kumshitaki mtani? Tena Mpare? Kesi kwao ni kama pombe ya mbege kwetu, atakuja na mashahidi na chakula cha mchana. Na shahidi wa kwanza ni mimi. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Kwa hiyo niache?"

"Fikiri watu watasema nini. Mchaga kafiwa na mke, kabla udongo haujakauka anadai vitu vyake. Wanatusema hivyo siku zote. Leo uwape na mfano?" Isidori akaacha kufuta. "Chonga mwingine, mwanangu. Mikono unayo."

Theophil alitoka mle bila kuaga. Alipita kando ya soko jipya, zege linamwagwa, vumbi la saruji linakaa juu ya nyanya za watu waliosukumwa pembeni, na kichwa kilikuwa kinamvuma. Chonga mwingine. Kana kwamba ubao unatoka mikononi kama jasho. Kana kwamba mtu anaweza kuambiwa mzae tena mama yako. Walilia wote pale kwenye lori, walicheka wote, na sasa kila mmoja alikuwa ameshika kile kicheko chake kama ushahidi. Hakuna aliyekuwa ameiba. Hicho ndicho kilichomchoma. Angekuwa mwizi, angepigiwa kelele Kariakoo nzima, wangemkimbiza mpaka Buguruni. Lakini kwa huyu aliyetumia jeneza la Candida kupata kile mkutano ulichomnyima, watu walikuwa wanasema ana vichekesho kweli.

Alijaribu hata hivyo. Alichukua plaiwudi, akapachika mbavu, akapiga randa, akafumba macho na kugusa. Kiganja kikauliza, hakuna kilichojibu. Ubao ule akaukanyaga kwa mguu mpaka ukavunjika.

Siku iliyofuata alichelewa kufika. Akiwa bado upande wa pili wa barabara alisikia msumeno. Fundi anajua msumeno unakata nini kwa kuusikia tu. Huu ulilia juu, halafu ukashuka kwa sauti ya mkebe, halafu juu tena: juu ni ganda, mkebe ni uwazi wa ndani. Hakukimbia. Alivuka, akapita chini ya lango, Sitara akainua birika kumwonyesha chai, akaona uso wake, akaishusha.

Mama alikuwa mezani, meza ileile ya Theophil. Alikuwa amekatwa kama mkate. Uti wa mgongo ulionekana, mbavu zilionekana moja baada ya nyingine, mbao ya ndani ingali safi kama siku alipoifunika. Filbert alikuwa na msumeno mkononi. Alipomwona akauweka chini taratibu.

"Nimeagizwa, kaka," alisema. "Nilikataa jana. Leo nimeagizwa."

Nassibu alikuwa ameinama juu ya plaiwudi, penseli mkononi, anazungusha kipande cha katikati. Hakuinuka. "Karibu, mtani. Usinune, mke wako amejifungua. Njoo uone watoto."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha.

Theophil alikwenda kwenye kipande cha mkia. Kizibo kilikuwa bado mahali pake. Akakizungusha kwa kucha, akatega sikio. Hapakutoka kitu. Akakitia mfuko wa shati. Akatafuta pua, akaikuta sakafuni kwenye maranda, ndege wa njano wanatazama juu. Mtu alikuwa ameikanyaga, alama ya kandambili ilikuwa juu ya kitenge. Akaifuta kwa mkono wa shati, akaiweka mezani.

"Umekata," alisema.

"Nimekata changu. Ulinipa."

"Nilikupa msibani kwa mke wangu."

"Na ndipo mtani anapopewa. Au huko Rombo mna utaratibu mwingine?" Nassibu akajinyoosha, akatazama mafundi wote, uso umechangamka. Theophil akaona kwamba kila mtu mle ndani anangoja kitu kimoja: akasirike. Apige kelele, arushe ngumi, ili iweze kusemwa kwamba Mchaga kamkasirikia mtani wake, na shauri lote lifungwe hapo, na kosa liwe lake.

Hasira ilikuwepo. Ilikuwa imemjaa mpaka nyuma ya macho. Lakini hakuwapa.

Akachukua randa ya baba yake. Akachukua ngazi, akaitegemeza langoni, akapanda, akakishusha kibao cha mninga. Akarudi nacho, akasukuma vipande vya Mama pembeni kwa upole, akakilaza kibao mezani na kukikaza kwa jiliwa. Akapiga randa.

Mpigo wa kwanza uliondoa utepe mwembamba, mwekundu upande mmoja, wa hudhurungi upande mwingine. Ukajikunja, ukaanguka.

"Mtani anatusafishia kibao," alisema Nassibu. "Kweli kilikuwa na vumbi."

Theophil akapiga tena. Herufi za USHIRIKA zikaanza kuwa nyepesi, zikakatika katikati, zikawa vijiti vyekundu visivyosomeka, zikatoweka. Maranda mekundu yakalundikana miguuni pake. Alipiga kwa mapana na marefu, bila haraka, kama anavyopiga kingo. Alipofika kwenye MASEREMALA, Nassibu alikuwa ameacha kucheka.

"Theophil. Acha."

"Nimekichukua tu, mtani."

"Acha, nakwambia. Hiyo ni mali ya ushirika. Wakaguzi wanakuja Jumatatu, watakuta lango halina jina."

"Wape jogoo, kitarudi."

Randa ikaenda, ikarudi. Nassibu akamshika mkono wa kulia, ule uliokufa ganzi, kwa nguvu. "Nitakuitia polisi. Wallahi nitakuitia polisi. Unaharibu jina la watu waliokuzikia mke."

Theophil aliutazama ule mkono juu ya mkono wake. Kisha akamtazama usoni, karibu, kwa mara ya kwanza tangu arudi Rombo.

"Umekasirika, mtani?"

Hakuna aliyecheka. Filbert alikuwa ametazama ukutani. Nassibu akamwachia, akarudi nyuma hatua, akajifuta midomo kwa kiganja. Theophil akamalizia TUINUANE. Kibao kikabaki mninga mtupu, safi, rangi yake ya asali imetokeza. Akafumba macho akapitisha juu yake kiganja cha kushoto kwa mazoea. Kilikuwa bapa. Hakikuwa na tumbo wala mkia, kilikuwa ubao wa kuandikia tu, na moyo wake haukupoa hata kidogo.

Kuna namna seremala anavyoweka randa akimaliza: anailaza ubavu, ili ulimi wa chuma usiguse kitu ukapoteza makali. Tangu utotoni hakuwahi kuiweka vingine. Sasa akaiweka imekaa juu ya ulimi wake, ikasimama pale mezani kati ya vipande. Akachukua pua yenye ndege, akaitia kwapani.

"Kaka," alisema Filbert, "randa ya mzee wako."

"Ni ya ushirika. Nilisema mbele ya wote."

Akatembea kuelekea langoni. Nyuma yake Nassibu akapaza sauti. Ilitoka kubwa, ya kutaka isikike mpaka nje. "Mwacheni aende akatembee. Njaa itamrudisha. Ataleta jogoo mwingine huyo."

Theophil hakugeuka. Alipita chini ya lango, misumari miwili mitupu juu ya kichwa chake. Sitara alikuwa ameinuka na kikombe mkononi, kimejaa, maziwa yametanda juu.

"Baba Klara, chai yako."

"Mpe mtani," alisema. "Ananidai."

Akashika barabara ya Msimbazi, upande wenye jua, ile pua ya ubao imebanwa kwapani na wale ndege wanameremeta kila alipopiga hatua. Mtu mmoja mwenye mkokoteni akamwuliza amebeba nini. Hakumjibu, na safari hii hapakuwa na Sitara wa kumjibia. Walimwona akipita soko linalojengwa, akapotea kwenye vumbi la saruji. Pale Gerezani hawakumwona tena.